Rosa Asiyependeka: Msomaji na Masharti ya Mapenzi katika Riwaya ya Kezilahabi

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971. Ilipata kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, kisha baadaye ikaruhusiwa kuingia darasani. Kuruhusiwa huko hakukuliondoa tatizo analolifahamu kila mwalimu aliyeifundisha: wasomaji wengi hawampendi Rosa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu huo wa kumpenda si kasoro ya utunzi. Ndimo ilimo hoja yenyewe ya riwaya.

Nilikumbushwa jambo hili huko Maungu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kusini-mashariki ya Voi, ambako madereva wa malori husimama kula na kulala. Hapo niliisoma riwaya pamoja na kikundi cha watu wazima, wengi wao wazazi. Sura za mwanzo ziliwagusa. Zakaria, baba mlevi wa kijiji cha Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles; kila mmoja wetu alimhurumia Rosa. Alipofika shule ya Rosary akiwa bado anawaogopa wanaume, huruma ilizidi. Lakini alipoanza kubadili wapenzi, na hasa alipofika chuo cha ualimu cha Morogoro akahusiana na mkuu wa chuo, huruma ilipungua. Kwenye habari za kutoa mimba, wengine walitaka kitabu kifungwe.

Wahakiki wamelikabili tatizo hili kwa njia mbili. Kundi la kwanza humfanya Rosa kuwa onyo: tazameni mwisho wa msichana asiyejitunza. Usomaji huu una mizizi mirefu katika fasihi yetu. Tangu Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi wa usia mnamo mwaka 1858, msomaji wa Kiswahili amezoea kumtafutia kila mwanamke wa kwenye maandishi fundisho la kufuatwa au la kuepukwa. Kundi la pili humtetea: mwenye kosa ni Zakaria, aliyemlea kwa fimbo na kumfungia mpaka alipopata uhuru akashindwa kuutumia. Hoja hii ina nguvu zaidi, na mwandishi mwenyewe anaiunga mkono, kwani mwishoni anawasimamisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu washitakiane. Hata hivyo, makundi yote mawili yana jambo moja linaloyaunganisha. La kwanza linamhukumu Rosa ili lisilazimike kumpenda. La pili linampokonya matendo yake ili liweze kumpenda. Hakuna linalokubali kukaa na Rosa alivyo: mtu aliyeonewa, naye pia akatenda.

Tutazame jinsi riwaya inavyoyapima mapenzi. Jina la Rosa lenyewe ni sharti. Rosa Mistika, yaani Waridi la Fumbo, ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki; msichana huyu amebebeshwa usafi katika jina lake. Baba anamthamini maadamu hajaguswa. Wanaume wengine wanamtaka mpaka wampate. Kisha anakuja Charles, ambaye sisi wasomaji tumemngojea tangu ile barua ya kwanza. Rosa amekwisha kujirudi, ameacha mwenendo wake wa zamani, na uchumba unafungwa. Charles anapogundua kwamba mchumba wake si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Baadaye Charles anamwoa Stella, mdogo wake Rosa, na maisha yanaendelea.

Hapa ndipo palipo na mtego. Charles hakufanya jambo ambalo sisi wasomaji hatukulifanya kurasa nyingi kabla yake. Sisi pia tulimpenda Rosa alipokuwa safi, tukamwacha alipochafuka. Tofauti yetu na Charles ni kwamba yeye aliambiwa mwisho, sisi tuliambiwa mapema. Tukimlaumu Charles kwa ukatili, na hapana shaka anastahili lawama, tunajilaumu wenyewe. Kezilahabi angaliweza kutupa Rosa mpole aliyebakwa na dunia bila kutenda lolote. Tungalilia, na mapenzi yetu yasingalijaribiwa. Kwa kumfanya mgumu kupendeka, ametulazimisha kuyaona masharti yetu.

Sidai kwamba mwandishi amefaulu pote. Kwa maoni yangu, sehemu ya kati ya riwaya inamtazama Rosa kwa nje mno. Tunaonyeshwa anakokwenda na anaokwenda nao. Ni mara chache tunaambiwa anafikiri nini. Msimulizi naye anashiriki katika ule upelelezi wa mwili wa msichana anaoushutumu kwa Zakaria. Udhaifu huu usifichwe, kwa kuwa unachangia ile chuki ya msomaji ambayo hoja ya kitabu inaitegemea.

Swali hili haliishii katika nadharia ya uhakiki. Kenya iliweka mwongozo wa kuwarejesha shuleni wasichana waliozaa mwaka 1994; Tanzania iliondoa katazo lake Novemba 2021. Sheria inaweza kumfungulia msichana mlango wa darasa. Haiwezi kumwambia mwalimu amtazame kwa jicho gani anapoingia. Mwalimu anayemfundisha Rosa kama onyo tu, huku msichana wa namna hiyo ameketi dawati la nyuma, amekwisha kumpa jibu.

Pale Maungu, aliyetutoa gizani alikuwa mama mmoja anayewapikia madereva, ambaye kwa muda mrefu hakusema neno. Aliuliza kama kuna mahali popote katika kitabu kizima ambapo mtu anamwuliza Rosa anataka nini. Tulirudi nyuma kurasa kwa kurasa, na yule aliyetaka kitabu kifungwe ndiye aliyetafuta kwa bidii kupita wote.