Gari la moshi la Bububu halina abiria

Ndugu zangu, hapa Maskati kila nikialikwa kwa jamaa wa Unguja naikuta ile ile ukutani: postikadi ya gari la moshi la Bububu, imekuzwa na kutiwa fremu. Wenyewe huitazama wakahema. Mie juzi iliniudhi.

Nilikuwa nimetoka kutazama picha za Honoré Daumier, yule Mfaransa aliyechora juu ya jiwe, zikachapwa katika gazeti la Le Charivari. Mwaka 1832 alifungwa kwa kumkejeli mfalme. Sheria ya 1835 ilipoziba vibonzo vya siasa, akageukia maisha ya kila siku, na reli ilipokuja ikawa shamba lake. Katika picha moja ya 1843 abiria wamo ndani ya behewa la wazi, wanaangukiana ovyo. Mmoja analia kuwa wamekwisha. Kumbe treni inaondoka tu! Tunacheka, lakini msomaji wa Paris alikumbuka Mei 1842, treni ya Versailles ilipoanguka ikawaka moto, na watu zaidi ya hamsini wakafa, milango imefungwa kwa nje. Nyingine ni ya 1856: abiria wa daraja la tatu wamekauka kwa baridi kama ng'onda. Kampuni haikutajwa, na haina pa kujificha.

Sasa rudini kwenye postikadi yetu. Reli ile ilijengwa na Wamarekani, Arnold Cheney, ikaanza 1905, maili saba hivi. Serikali ikaichukua 1911, na abiria wakasafirishwa mpaka 1922. Picha inatuonyesha injini na barabara nyembamba. Imepigwa kutoka nje, iuzwe kwa wapita njia wa meli. Aliyekaa kwenye benchi na kapu lake hayumo! Na sie ndio tunaoitundika, ati kumbukumbu yetu.

Msinambie Waswahili hawakuwa na dhihaka. Walikuwa nayo, ila ya mdomo, na mdomo haukuchapwa. Waliolipanda wote wamekwenda. Waliosikia masihara yao nao wamezeeka, wengine wako hapa hapa Seeb na Ruwi. Mwenye nyanya au babu wa namna hiyo akae naye wiki hii, na kalamu mkononi.

Daumier mwenyewe baadaye, kama 1862 hadi 1864, alichora kwa rangi behewa la daraja la tatu. Mchoro mmoja uko New York. Humo hakuna kicheko. Kuna bibi mwenye kapu, mama anayenyonyesha, mtoto amelala. Yule bibi mvishe buibui tu, umeshafika Bububu.