Sinema ya Usiku wa Manane

Vijana wa Kalemie wakisikia kwamba picha mpya itaonyeshwa usiku katika nyumba ya video, usingizi unawakimbia. Wanaitana mtaa kwa mtaa, wanabanana penye viti, na kabla picha haijaanza wamekwisha kufurahi. Wazazi wengine wanatuuliza sisi wakatekisti: je, kwenda huko ni dhambi? Twajibu: kukusanyika na wenzako na kungoja kwa furaha si dhambi. Lakini hatari moja iko, nayo haisemwi sana. Mtu aweza kusifu picha mbaya kwa sababu tu aliitazama pamoja na rafiki zake.

Tutoe mfano wa ng'ambo. Tarehe 19 Mei 1999, mara tu ilipopita saa sita ya usiku, nyumba nyingi za sinema za Marekani zilianza kuonyesha The Phantom Menace, picha ya George Lucas. Wapenzi wa masimulizi ya Star Wars walikuwa wamengoja picha mpya miaka 16, tangu 1983. Wengine walilala nje ya mlango siku nyingi. Wengine walivaa mavazi ya watu wa hadithi. Taa zilipozimwa na muziki wa John Williams ulipovuma, walishangilia kwa sauti kuu.

Basi waliona nini? Maneno ya kwanza ya picha ile yanaeleza ugomvi juu ya kodi za biashara. Nani akeshaye usiku kwa ajili ya kodi? Yuko na Jar Jar Binks, aliyewekwa achekeshe watu, lakini anaanguka na kupayuka mpaka anachosha. Yuko na mtoto Anakin, ambaye siku moja atakuwa mtu mwovu sana. Mzee Yoda anasema kwamba mtoto huyu ana hofu, na kwamba hofu huzaa hasira. Neno zuri! Lakini hofu hiyo twaisikia kwa maneno kuliko kuiona usoni pake.

Tusikatae lililo jema. Katika pigano la mwisho, ukuta wa mwanga unawatenga wapiganaji. Qui-Gon anapiga magoti na kutulia, huku adui yake akizungukazunguka kama chui kizimbani. Hapo hakuna hotuba, na kila mtazamaji anajua nani ana amani moyoni. Laiti picha nzima ingekuwa hivyo!

Siku zilipopita, wengi wa wale walioshangilia walianza kunung'unika. Je, usiku ule walidanganyika? Furaha yao ilikuwa ya kweli, ila ilitoka kwa wenzao waliokaa karibu nao, nao wakaihesabu kuwa sifa ya picha. Sisi Wakristu twajua kukesha. Usiku wa Pasaka twawasha mishumaa na kuimba, maana twajua ni nani tunayemngoja. Mtu wa sinema anashangilia kabla hajajua ataonyeshwa nini. Kwa hiyo yampasa kupima baadaye.

Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya tarehe 8 Septemba 1957, alitaka watazamaji wafundishwe kuelewa na kupima wanayoonyeshwa. Kufunga mlango tu hakumfundishi kijana kupima. Mzazi aangalie saa, njia na watu anaofuatana nao mtoto wake. Hiyo ni haki yake. Kisha kesho yake, kelele zikiisha na wenzake wakiwa makwao, amwombe mtoto asimulie ile picha tangu mwanzo. Picha nzuri itasimulika, na mzazi naye atatamani kuiona. Lakini kijana akisimulia jinsi watu walivyopiga makofi tu, basi mwenyewe atatambua kwamba alichopenda ni rafiki zake. Na rafiki zake atawapata hata bila kulipa kiingilio.