Kuoa, Kuolewa na Kufutwa: Kulisoma Shauri la Lovelace dhidi ya Kanada kwa Kiswahili

Uamuzi wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa wa tarehe 30 Julai 1981, katika shauri la Sandra Lovelace dhidi ya Kanada, umezoeleka kusomwa na wanasheria. Makala haya yanausoma kama matini yenye msimulizi, mhusika na wakati wa usimulizi. Hoja yetu ni kwamba jaribio la kuufasiri kwa Kiswahili hufichua jambo ambalo Kiingereza huliacha limejificha: Kamati ilimsikia Lovelace kama mtu wa utamaduni fulani, lakini ilisita kumsikia kama mwanamke.

Kisa chenyewe ni kifupi. Lovelace alizaliwa na kuandikishwa kuwa Mmaliseet, mmoja wa watu wa asili wa mashariki ya Kanada. Mwaka 1970 aliolewa na mwanamume asiye wa jamii hizo. Kwa kifungu cha 12(1)(b) cha sheria iliyowahusu watu wa asili, ndoa hiyo ilimwondolea hadhi yake ya kisheria, pamoja na haki ya kuishi Tobique, ardhi iliyotengewa jamii yake katika jimbo la New Brunswick. Mwanamume wa jamii hiyo hiyo aliyeoa nje hakupoteza kitu. Mkewe ndiye aliyepata hadhi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Lavell, ilikataa kukibatilisha kifungu hicho. Ndipo Lovelace, ambaye ndoa yake ilivunjika baadaye, akapeleka malalamiko yake mbele ya Kamati mnamo Desemba 1977.

Tatizo la kwanza la mfasiri ni kitenzi cha ndoa. Kiingereza cha sheria ile hutumia kitenzi kimoja kwa mume na mke, hivyo ubaguzi hauonekani katika sarufi bali katika matokeo. Kiswahili hakina utulivu huo: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kauli hii ya kutendwa haihusu jinsia peke yake. Mwanamume anayehamia kwa mkewe husemwa kwa kejeli kwamba “ameolewa”, maana yake amefuata makazi ya mwenzake. Kitenzi, basi, hubeba dhana ya nani anahama na nani anapokea. Dhana hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya kifungu cha 12(1)(b). Katika utetezi wake, serikali ya Kanada ilieleza kwamba undugu katika jamii hizo ulifuata upande wa baba, na kwamba katika karne ya 19 ardhi ilihofiwa kuchukuliwa na wanaume wa kigeni zaidi kuliko wanawake wa kigeni. Lovelace alilipinga dai hilo la undugu wa kuumeni.

Mfasiri anaweza kushawishika kukwepa mzigo huu kwa kuandika “alifunga ndoa”. Tunaona kwamba kufanya hivyo ni kuisafisha sheria. Hata hivyo, “aliolewa” likisimama peke yake lina hatari yake: linaweza kumfanya msomaji aone kupotea kwa hadhi kuwa tokeo la kawaida la kuolewa. Njia iliyo salama ni kuviweka vitenzi vyote viwili sambamba, aliyeoa na aliyeolewa, ili msomaji aone kwamba tendo moja lilizaa hukumu mbili.

Tatizo la pili ni njeo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ulianza kuifunga Kanada tarehe 19 Agosti 1976, miaka sita baada ya ndoa ile. Kwa hiyo Kamati ilijiona haina mamlaka juu ya tendo la 1970 lenyewe. Iliweza tu kushughulikia athari zilizoendelea. Kwa Kiswahili, tofauti hii yaweza kuelezwa kwa viambishi viwili. “Alifutwa” huliacha tendo katika wakati uliopita. “Amefutwa” huonyesha hali ambayo bado ipo, kama tusemavyo “amelala” au “amevaa”. Kamati iliifungia mlango -li- na kuifungulia -me-. Ushindi wa Lovelace ulipatikana katika uwanja huo mwembamba.

Uwanja huo ulikuwa na gharama. Kwa kuwa athari iliyoendelea kuonekana waziwazi ilikuwa kunyimwa makazi Tobique, Kamati iliona kukiukwa kwa ibara ya 27, inayolinda haki ya watu wa jamii za wachache kuufurahia utamaduni wao pamoja na wenzao. Haikuona haja ya kuamua kuhusu ibara za usawa wa jinsia. Mjumbe mmoja, Néjib Bouziri, aliandika maoni yake binafsi kwamba ibara za 2, 3, 23 na 26 nazo zilikiukwa. Kwa msomaji wa fasihi, maoni hayo ni sauti ya pili ndani ya matini, inayotaja kile ambacho msimulizi mkuu amekiruka.

Kilichorukwa kilirudi. Kanada ilirekebisha sheria mwaka 1985, lakini waliorejeshewa hadhi kwa upande wa mama hawakupewa uwezo wa kuirithisha sawa na wale wa upande wa baba. Sharon McIvor na mwanawe walipeleka malalamiko mwaka 2010, na Kamati hiyo hiyo, katika uamuzi wa 2018, ikaona kukiukwa kwa ibara za 3 na 26 zikisomwa pamoja na ibara ya 27. Takriban miaka 37 ilipita kabla ya neno “mwanamke” kuingia katika hukumu.

Linabaki suala la istilahi. Kamati humwita mleta malalamiko kwa neno ambalo tafsiri yake ya moja kwa moja ni “mwandishi”. Neno hilo lina heshima, lakini katika matini hii lingepotosha: maneno ya Lovelace humfikia msomaji kwa muhtasari wa Kamati, katika nafsi ya tatu, na kosa aliloshindia hakulitaja yeye kwa jina hilo pekee. Tunapendekeza “mlalamikaji”. Suala hili linatugusa hata sisi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotoa hukumu kuhusu Waogiek wa msitu wa Mau tarehe 26 Mei 2017, ina makao yake Arusha. Pale mwanamke wa jamii ya asili atakapodai haki yake kama mwanajamii na kama mwanamke kwa pamoja, mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuchagua kati ya -li- na -me-, na kati ya kufunga ndoa na kuolewa. Uchaguzi huo utakuwa sehemu ya hukumu.