Uliza Kwanza Tunda Liko Wapi

Katika sherehe za mahari zinazofanyika siku hizi kati ya Kiirua na mji wa Meru, nchini Kenya, kuna jambo linalojirudia hadi linaudhi. Kibuyu kilichopambwa kwa shanga huwekwa mbele ya wazee, kinywaji cha rangi ya kahawia humiminwa, povu hupanda, na mshereheshaji hutangaza kwa kipaza sauti kwamba hiyo ndiyo muratina yenyewe, ile ya babu. Wageni hupiga makofi, vijana hupiga picha. Ukiinusa, inanuka unga wa mkate uliolala: ni sukari ya dukani, maji, hamira ya pakiti na sukari iliyounguzwa ili kutia rangi. Kibuyu chenyewe kilinunuliwa kwa wauza mapambo na hakijawahi kukaa na pombe kabla ya asubuhi hiyo.

Wanaoijua kazi hawapigi makofi. Huuliza tunda liko wapi: tunda la mwegea, lile linaloichachua asali na maji kuwa muratina.

Mgeni wa mambo haya huikagua pombe kwa povu, rangi na ukali. Vyote vitatu ni mashahidi wabaya. Hamira ya dukani hutoa povu jingi kuliko tunda lolote la mwegea. Rangi hufuata asali: iliyotoka kwenye mizinga ya magogo ya Tharaka mwaka wa maua mengi haifanani na ile ya mwaka wa kiangazi. Nao ukali huongezwa kwa kuzidisha sukari. Kisichoweza kughushiwa kwa urahisi ni tunda, kwa sababu chachu yote inaishi ndani ya nyuzi zake. Pombe ikiisha, chachu hubaki nyuzini, tunda huanikwa, na likirudishwa kwenye asali na maji huamka tena. Mwenye tunda lililotunzwa ana kazi ya miaka mingi mkononi. Asiye nalo huanza upya kila Jumamosi.

Kiirua kwenyewe ni nchi ya baridi, ya viazi na ngano, na mwegea hupenda joto la nyanda za chini na kingo za mito. Kwa hiyo tunda la Kiirua kwa kawaida ni la safari, limepanda kutoka Tharaka au Mbeere, na mwenye nalo hukueleza lilikotoka kabla hujauliza. Likiwa bichi lina sumu na uchungu usiovumilika. Hupasuliwa, huanikwa, huchemshwa, huanikwa tena, kisha hulowekwa kwenye asali kidogo au maji ya miwa karibu na moto hadi lianze kuchemka lenyewe. Maji hayo ya kwanza humwagwa, na tunda hurudi juani. Anayeruka hatua yoyote kati ya hizi ataionja haraka yake katika kila kikombe.

Sasa, ukishapewa tunda mkononi, angalia upande uliokatwa. Wasiojua hutazama ganda, kwa kuwa ganda ndilo linaloonekana la kale, jeusi, lililokunjamana. Ganda halisemi chochote. Geuza. Kwenye tunda lililofanya kazi, nyama laini imekwisha kabisa, imeliwa na pombe moja baada ya nyingine, na kilichobaki ni nyuzi tupu za rangi ya majani makavu, zimesimama wazi kama dodoki. Pitisha kidole gumba kinyume cha nyuzi: zinapaswa kuinama na kurudi. Zikivunjika, tunda lilikaushwa kwa moto mkali na chachu yake imekufa. Zikilala na kubaki zimelala, zikiwa na utando wa kuteleza, lilihifadhiwa likiwa na unyevu. Pakiwa na madoa meusi yenye vumbi katikati ya nyuzi, hiyo ni kuvu, na hakuna kuchemsha kutakakolirudisha. Kisha lipime kwa mkono. Tunda zuri hushangaza kwa wepesi; zito bado lina nyama, na nyama ni uchungu. Mwisho linuse kwa karibu, pua ikigusa nyuzi. Harufu inayotakiwa ni ya nta na asali iliyokaa, yenye uchachu kwa mbali. Harufu ya siki ina maana kwamba hewa iliingia mahali isipotakiwa, na kila pombe itakayotoka humo itaelekea huko huko.

Lazima pia liwe limepasuliwa kwa urefu. Vipande vya duara, vinavyoonekana sana siku hizi, hukata nyuzi kuwa fupi na huacha vumbi kwenye pombe. Mpishi anayekata duara hana haja ya kuulizwa swali la pili.

Matapeli wanaujua umuhimu wa ukale, nao wana mbinu zao. Ya kawaida ni kuchukua tunda jipya, kulining'iniza kwenye moshi, kisha kulipaka sukari iliyoungua hadi liwe na weusi wa kuheshimika. Wapo wanaoliuza likiwa limefungwa kwa kamba ya ngozi, pamoja na hadithi ya marehemu aliyelirithi kwa baba yake. Dole gumba lililoloweshwa mate linatosha kuimaliza hadithi hiyo: rangi ya moshi wa miaka haitoki, ya sukari hutoka na kunata. Ujanja mwingine ni kuliweka tunda la kweli juu ya kinywaji cha hamira, lielee hapo kwa ajili ya macho. Tunda linalofanya kazi hutoa viputo vidogo kutoka kwenye nyuzi zake. Linaloelea kwa maonyesho hukaa kimya huku povu likipanda pembeni.

Kuna sababu nzito ya kutoona haya kuuliza. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko nchini. Haikuwa muratina. Ilikuwa pombe iliyonunuliwa bila kujulikana ilitengenezwa na nani, kwa vitu gani, ndani ya chombo gani. Mzee wa zamani asingeinua pembe yake ya kunywea kabla ya kujua mambo hayo matatu, na mwenye nyumba asingeona kwamba ametukanwa.

Chombo nacho kina lugha yake. Kibuyu cha kuchachulia ni kikubwa, cha tumbo pana na shingo fupi. Cha kubebea na kuandalia kina shingo ndefu. Anayechachulia kwenye cha shingo ndefu hataweza kulitoa tunda bila kulivunja, kwa hiyo hulisukuma, hulipasua, na mwisho huliacha humo lioze. Kipande cha tunda kipite shingoni kwa urahisi kikiwa kimelowa na kuvimba, si kikiwa kikavu. Jambo hilo dogo limeharibu vibuyu vingi kuliko nyufa. Ufa una dawa: hushonwa kwa uzi wa katani au waya mwembamba, na mshono mzuri hauonekani kwa ndani. Kibuyu kilichowahi kuwekwa maziwa kisiguswe kabisa. Mafuta ya maziwa yamekwisha kuingia ukutani mwake, na pombe huyakumbuka.

Kizibo ndicho kipuri kinachokosewa zaidi. Pombe inayochemka hutoa gesi, na gesi inataka njia. Kibuyu cha maziwa huzibwa kabisa; cha pombe huzibwa kwa kitu kinachopumua, gunzi la mahindi au majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa. Kibuyu kikipoteza kizibo chake na kupewa cha jirani kinachobana sawasawa, usiku wa kwanza kitapasuka.

Wanaodhani haya ni mambo ya ushamba watazame pipa la chuma. Tangu 2004, East African Breweries ilipoingiza bia ya Senator Keg sokoni, pipa la lita 50 limefika hadi vijijini. Kichwa cha kumiminia kisipolingana na vali ya pipa, hakuna kinachotoka. Wapika bia wa nyumbani wa Marekani hutumia mapipa ya Cornelius yaliyotengenezwa kwa ajili ya soda: yaliyokuwa ya Pepsi hufunga kwa vigololi, yaliyokuwa ya Coca-Cola hufunga kwa pini, 2 upande wa gesi na 3 upande wa kinywaji. Huko mtu huhesabu pini kabla ya kununua mpira wa akiba. Kibuyu kinastahili heshima hiyo hiyo, na zamani kilipewa: kila nyumba ilijua kizibo hiki ni cha chombo gani.

Baridi ya Kiirua inadai uangalifu wa ziada. Kinachoiva Mbeere kwa siku mbili hapa huchelewa, na asiye na subira huongeza hamira. Mafundi wa zamani walisogeza kibuyu karibu na meko, wakakifunika blanketi na kukigeuza asubuhi na jioni ili upande mmoja usipate moto peke yake. Walikuwa na muda, na pombe ilikuwa ya tukio lililojulikana mapema. Sasa mahari hupangwa kwa simu na kinywaji hutakiwa keshokutwa. Ndiyo maana mapipa ya plastiki ya buluu yamejaa nyuma ya nyumba, mengine yakiwa yamewahi kubeba kemikali ambazo hakuna anayekumbuka majina yake. Pipa la namna hiyo lisitumike hata kwa maji ya kuoshea.

Anayetaka kuanza vizuri atafute tunda lililokomaa, alipasue kwa urefu na kulipitisha katika hatua zote bila kupunguza. Pombe ya kwanza itakuwa chungu na ya pili itakuwa na harufu ya kuni. Hizo asimpe mgeni. Ya tatu ndiyo ya kuwapelekea wazee, na tunda lipelekwe nayo, juu ya sinia, limegeuzwa upande wa nyuzi.