Dharuba ya Nuru

Hapa Makutupora, ambako mvua ni adimu na jua halina haya, kina cha maji katika visima vinavyounywesha mji wa Dodoma kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vinashuhudia kwamba manyunyu ya kawaida, yachipushayo uwele na kuifurahisha mizabibu, ni nadra kufika chini, na kwamba ni misimu michache ya dharuba, kama ule wa 1997 na 1998, iliyoijaza hazina ya ardhini.

Kila nisomapo habari za mafundi wa leza, dharuba hizo hunijia moyoni, kwani nuru nayo hufanya kazi kubwa inapomiminwa kwa mpigo mmoja mfupi na mkali. Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson walitoa rai kwamba mpigo mfupi wa nuru, ukipita katika gesi ambayo atomu zake zimekwisha kuvuliwa elektroni, utaacha wimbi nyuma yake, kama jahazi liliachavyo nyuma ya shetri, na kwamba elektroni itakayolipanda wimbi hilo itakwenda kasi ya kustaajabisha. Rai ilikuwa njema, ala hazikuwapo, kwani nuru kali kiasi hicho ingeuvunja mtambo wenyewe ulioizaa. Ndipo mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walipofanya hila ambayo mimi naihesabu kuwa ufundi halisi: waliurefusha mpigo ili upoe, wakaukuza ukiwa mpole, kisha wakaukunja ukarudi kuwa mfupi. Tuzo ya Nobeli iliwafikia mwaka 2018, na haikuwahi.

Huko Berkeley, Marekani, mwaka 2019, elektroni zilipewa nguvu ya elektronivolti bilioni 7.8 katika mwendo wa sentimeta 20, kazi ambayo mitambo ya kale huifanya kwa mamia ya mita. Tena elektroni hizo, zikiwa ndani ya wimbi, huyumba huku na huku, na katika kuyumba hutoa eksirei angavu, kutoka chanzo chembamba kuliko unywele. Ndiyo maana kingo za vitu vidogo huonekana wazi katika picha zake. Mipigo bado haifanani, huu mkali, ule dhaifu, na aibu hiyo mafundi hawaifichi.

Afrika haina hata pete moja kubwa ya kuzungushia elektroni kwa ajili ya eksirei, kama ile ya Grenoble, Ufaransa, yenye mzingo wa mita 844. Basi enyi vijana msomao fizikia katika Chuo Kikuu cha Dodoma, nawasihi muusome ufundi huu ambao wimbi lake latosha katika kijibomba cha urefu wa shubiri.