Hesabu ya Asiyerudi

Jioni, ngamia wanaporejea zizini nje ya mji wa Garissa, mchunga ngamia hahitaji kunyoosha kidole. Huwatazama wakipita, kisha humtaja asiyekuwepo. Kazi inayofuata ni mchangani: wayo wa ngamia hauna kwato, ni mpana na laini, na mbele yake huacha alama za kucha mbili. Mnyama haonekani, lakini njia yake inasomeka.

Usomaji wa namna hiyo unafanyika pia chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko kwenye maabara ya CERN, mafungu ya protoni hukimbizwa ndani ya duara la kilomita 27 na kukutanishwa takriban mara milioni 40 kila sekunde. Protoni huja uso kwa uso, kwa hiyo vipande vinavyorukia kando havina budi kusawazishana. Kimoja kikienda kulia, kushoto pawe na cha kukijibu. Mizani ikilala upande mmoja, kuna kilichoondoka bila kuaga.

Huenda ni maada ya giza, ambayo ulimwenguni imezidi maada ya kawaida karibu mara 5, na ambayo hakuna chombo kilichowahi kuinasa.

Fundi hodari, hata hivyo, hakurupuki. Yupo mtoro anayejulikana, chembe iitwayo nyutrino, ambaye hupenya vyombo vyote kila siku (fisi wa mtaa huo, tuseme). Hata kipimo kibovu hula hesabu. Mwaka 1984 kikosi cha watafiti cha UA1, hapohapo CERN, kiliona matukio yenye mchirizi mnene wa chembe upande mmoja na utupu upande wa pili. Minong'ono ya fizikia mpya ikaenea. Hesabu ilipopigwa upya, watoro walikuwa walewale wa zamani. Kufuta furaha yako kwa mkono wako mwenyewe ni ustadi usiopigiwa makofi.

Siku hizi anayesakwa si mmoja tu. Pengine kuna ukoo mzima wa chembe uliojificha, unaopakana na wetu kwa vilango vyembamba, na kimojawapo huenda ni chembe ya Higgs, iliyogunduliwa 2012. Ketevi Assamagan, mwenye asili ya Togo anayefanya kazi katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ni miongoni mwa wanaochunguza kama Higgs huvunjika kuwa jozi ya chembe za giza, nazo zikaacha elektroni au myuoni nne. Hadi sasa nyayo hizo nne hazijazidi zile zinazotarajiwa.

Nyayo za asiyeonekana husomwa pia angani, na mojawapo ilisomwa kutoka pwani ya Kenya. Maji ya mto Tana yanayopita Garissa humwagika katika Ghuba ya Ungwana. Pwani hiyohiyo, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, na setilaiti hiyo ikapewa jina Uhuru. Ilinasa mionzi ya eksirei iliyotapakaa kwenye makundi ya galaksi, na baadaye ikathibitika kwamba inatoka kwenye gesi ya moto mno. Gesi ya joto hilo ingekwisha kutawanyika kama moshi wa kuni, lakini bado ipo palepale, imeshikwa na uzito ambao hakuna aliyeuona.