Ligi ilipata mshindi, ekipe za mchujo zilipata nini?

Ndugu zangu wa promosheni zote, kila mwaka Coupe du Congo ikikaribia finali tunabishana hapa juu ya Mazembe, Vita na Motema Pembe. Leo naomba tuongee juu ya ile sehemu ya kombe ambayo televizio haionyeshi: michezo ya mchujo, kule chini kwenye cercle na entente, mbele ya jimbo kutoa mwakilishi wake. Wakati wa Covid tuliona wazi kombe la taifa linamhesabu nani na linamsahau nani. Na sisi wenye lisansi tulinyamaza.

Naanza nyumbani. Mwaka 2020 nilikuwa bado mwanafunzi wa agronomi. Kesi ya kwanza ya nchi ilitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 18 Rais Tshisekedi akafunga shule, vyuo, makanisa na viwanja, na tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Nikarudi Kinkondja kwa njia yetu ileile: mpaka Bukama, kisha bwato kushuka Lualaba.

Nyumbani nikakuta ekipe ya mtaa wetu iko tayari. Wengi wao ni wavuvi wa ziwa Kisale: asubuhi wanatoa nyavu, mchana wanatengeneza nyavu, jioni wanapiga mpira. Pesa ya kujiandikisha kwa mchujo walikuwa wameishalipa, kila mmoja aliuza samaki zake. Kapiteni, kijana wa miaka 22, akaniuliza: «Yaya, batatuita?» Nikamujibu: «Ngojeni, leki, bugonjwa ikipita batabaita.»

Hakuna aliyewaita. Pesa haikurudi, na ofisi iliyoipokea haikuandika hata barua ya kusema «mchujo umefutwa». Hali ya dharura iliisha Julai, katikati ya Agosti viwanja vikaruhusiwa, lakini ekipe ilikuwa imeishavunjika. Mwaka uliofuata kapiteni alienda Kolwezi kuchimba.

Msinielewe vibaya. Silalamiki juu ya kufunga. Sisi wa maziwa ya Upemba hatufundishwi ugonjwa na redio: kolera tunaishi nayo, na kunawa mikono tulikujua mbele ya Covid. Hakuna mtu mwenye akili angetaka mabwato yajae wafuasi kwenda mechi wakati ule, na kwetu oksijeni haiko. Kufunga ilikuwa haki. Ninachokosoa ni namna ya kufunga, na zaidi namna ya kufungua.

Angalieni ligi. FECOFA ilisimamisha msimu wa 2019-2020 na TP Mazembe wakatangazwa mabingwa, kwa sababu walikuwa mbele kwenye msimamo. Kunaweza kuwa na ubishi, lakini karatasi iko, imeandikwa pointi za kila ekipe. Mchujo wa kombe hauna karatasi ya namna ile. Ni mechi moja: ukishindwa umeenda, na usipocheza ni kama haukuwepo. Ndiyo maana ugonjwa ukija, ligi inaweza kusimama bila kupoteza kumbukumbu, lakini kombe la chini linafutika lote. Ile ekipe yetu haikushindwa na mtu. Hata hivyo, leo hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ilikuwepo.

Mtaniambia: ulimwengu mzima ulikuwa vile. Hapana, si ulimwengu mzima.

Ufaransa, Coupe de France ya 2020-2021 ilianza mchujo wa mikoa kama kawaida, kisha mwisho wa Oktoba ugonjwa ukapanda na ekipe za amateri zikasimamishwa. Ligi zao za chini hazikurudi msimu ule. Lakini kwa kombe walitafuta njia: mwisho wa Januari 2021 amateri wakaanza tena, wakicheza kwanza wao kwa wao, na maprofesionali wao kwa wao, mbele ya kukutana. Dakika za nyongeza ziliondolewa isipokuwa kwenye finali, mechi ikiisha sare ni penalti moja kwa moja. Matokeo yake? Canet Roussillon, ekipe ya daraja la nne, ilipiga Marseille 2-1 tarehe 7 Machi. Rumilly-Vallières, nayo ya daraja la nne, ilitoa Toulouse na kufika nusu-finali, ikaanguka kwa Monaco 5-1. Hata hivyo nisiwasifu sana: kombe lao la wanawake msimu uleule walilifuta. Kumbe hata Bulaya kuna wanaosahauliwa kwanza.

Uingereza, Marine, ekipe ndogo ya daraja la nane, ilianzia kwenye mchujo mpaka ikapokea Tottenham nyumbani tarehe 10 Januari 2021. Ikafungwa 5-0. Watu hawakuruhusiwa kuingia uwanjani, basi klabu ikauza tiketi za mtandaoni, zaidi ya 30,000, za mechi ambayo hakuna aliyekalia kiti. Mtu alikaa chini akafikiri: hawa wadogo wataishi namna gani bila pesa ya mlangoni?

Na majirani zetu wa ngambo ya Tanganyika? Tanzania walisimamisha mpira Machi 2020, wakarudi Juni. Finali ya kombe lao la shirikisho waliipeleka Sumbawanga, mji wa pembeni kama Kamina yetu, tarehe 2 Agosti: Simba 2, Namungo 1. Mwaka uliofuata wakaipeleka Kigoma, Simba 1, Yanga 0. Namungo ni ekipe ya Ruangwa, kule Lindi. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, Namungo ndio wakapata nafasi ya kombe la shirikisho la Afrika. Ekipe ya wilaya, kwenye mashindano ya bara!

Lakini hapa pia nakosoa. Tangu Mei 2020 serikali yao iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa, na uwanja uliojaa ulikuwa kama tangazo la kwamba ugonjwa umeisha. Haukuisha. Februari 2021 Namungo walifika Luanda kucheza na 1º de Agosto, baadhi ya watu wa msafara wakapimwa wakaonekana nao, mechi ikavunjika, na mwisho zote mbili zikachezwa Dar es Salaam. Kupeleka finali pembeni ni kuzuri. Kuficha hesabu ili uwanja ujae ni kitu kingine, na anayelipa ni yuleyule wa pembeni, mwenye hospitali ndogo.

Kwa hiyo sitaki tuige Dar, sitaki tuige Paris. Nataka vitu vitatu vidogo. Kwanza, mchujo ukisimamishwa, liste ya ekipe zilizojiandikisha itangazwe, na pesa yao ihesabiwe kwa mwaka unaofuata. Pili, wakifungua kwa wakubwa, siku ileile waseme wadogo watafunguliwa lini na kwa masharti gani. Tatu, kwa majimbo kama Haut-Lomami, ambapo safari moja ya bwato na gari inakula faida ya wiki, mchujo ukusanywe mahali pamoja kwa siku chache, ekipe zipimwe mara moja, wacheze, warudi. Hiyo ingesaidia hata bila Covid. Kolera haitangazi tarehe.

Na la mwisho linanihusu mimi. Aprili ile kapiteni aliniomba niandike barua kwa ofisi, kudai pesa au angalau karatasi. «Weye uko injenia, weye unajua kuandika.» Nilimwambia nitaandika. Nilingoja chuo kifunguliwe, nikarudi shuleni, nikasahau. Makala hii ndiyo barua ile, imechelewa miaka, na yeye haiko tena Kinkondja kuisoma.

Basi nawauliza, wa Bukama, wa Malemba-Nkulu, wa Kabongo, wa Kaniama: nani kati yetu ana liste ya ekipe zilizojiandikisha kwa mchujo wa 2020 kwao? Kama iko, itume hapa. Kama haiko, tuanze kuiandika, kwa majina ya ekipe tunazokumbuka. Mimi nitaanza na yetu.